Chanuo Mkononi mwa Wifi

Wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Mimi nilikonda, na sahani nilikuwa namaliza. Nasema wazi leo kwa sababu wakati ule nilikana mpaka nikachoka: nilimwonea wivu wifi yangu. Si kwa nguo zake, si kwa umbo, maana umbo lenyewe tumepishana kidogo tu. Nilimwonea wivu kwa mwanangu mwenyewe.

Wifi ni dada wa mume wangu. Alistaafu ukarani wa posta akaja kukaa kwetu "miezi miwili tu, wifi yangu," na miezi hiyo miwili ikaingia mwaka wa pili. Sikulalamika. Anafagia, anapika, hana mdomo. Ila mtu asiye na mdomo naye ana namna yake ya kukukera, kwa sababu hupati pa kumshika.

Mwanangu ana miaka ishirini na sita. Tunamwita Bibie, maana tangu utotoni akikataa jambo amekataa, hata umletee barua ya serikali. Akili ilichelewa kukua, mwili haukuisubiri. Maneno yake unayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Asubuhi namwogesha, namvisha, namchana nywele, halafu saa moja na nusu gari la kituo linampitia, mahali wanaposhinda vijana kama yeye. Mimi nakimbilia hospitali, chumba cha kufulia, kukunja mashuka mia mbili kwa zamu.

Kuoga haikuwa shida. Vita ilikuwa nywele. Anapiga kelele hadi jirani anafungua dirisha, na nikizidi ananiuma. Mkono wangu wa kulia una alama za meno kuanzia kifundo hadi kiwiko. Watu wakinionea huruma nilikuwa nawaambia hivyo ndivyo vyeti vyangu, wao waonyeshe vyao.

Sasa ikaja barua kutoka kituoni. Mafunzo ya utulivu kwa walezi, Jumamosi nane mfululizo. Walezi wafundishwe kuzingatia pumzi, kujua hasira inapopanda, kumtazama mtu kabla ya kumshika. Nilicheka hadi nikashika ukuta. "Nifundishwe kupumua? Kwani mpaka leo nimekuwa nikiishi kwa kitu gani?" Nikamtupia wifi ile barua. "Nenda wewe, Jumamosi huna kazi." Kosa nilifanya kwa mkono wangu, simlaumu mtu.

Wifi akaenda, akarudi na vituko. Kila asubuhi akifika mlango wa chumba cha Bibie anasimama. Anatazama miguu yake kama mtu aliyedondosha shilingi, anavuta pumzi mara tatu, ndipo anaingia. Mimi nikipita na ndoo namwuliza, "Wifi, umesahau ulichofuata?" Anatabasamu tu.

Wiki ya tatu akaniomba amchane Bibie. Nikasema chukua, karibu ulingoni. Nikaenda jikoni kuchemsha chai, nikasubiri kelele kwa hamu, Mungu anisamehe. Nikasubiri. Kimya. Kile kimya kikanitisha, nikatoka mbio na kijiko mkononi nikijua mtoto amezirai. Nikamkuta Bibie amekaa kwenye kigoda, macho nusu amefumba, wifi anamchana nywele taratibu, na wote wawili wametulia utafikiri wako saluni ya kulipia.

Roho ilinichoma, nisiseme uongo. Miaka ishirini na sita nimeng'atwa, halafu mtu wa posta anakuja na pumzi tatu!

"Ametulia kweli leo," nikasema. "Labda anaumwa."

Tangu siku hiyo chanuo likawa la wifi. Nikilishika mimi, Bibie anasema "sitaki" na kumtafuta shangazi yake kwa macho. Kazini nilikuwa nakunja mashuka kwa hasira mpaka msimamizi akaniuliza shuka limenikosea nini.

Pigo lenyewe lilikuja mezani. Mtoto wa kiume wa wifi alikuwa amemjengea mama yake chumba, mji wa pili, saa tatu kwa basi. Atahama mwisho wa mwezi. Nikapumua vizuri kwa mara ya kwanza, bila mafunzo. Ndipo Baba Bibie akajikohoza.

"Nimefikiri," akasema. "Bibie aende na shangazi yake. Kule nako kuna kituo. Kwa dada hapigi kelele. Na wewe upumzike."

"Nipumzike na nini? Na mwanangu? Mtu hupumzika na mzigo, si na mtoto!"

"Mama Bibie, tazama mkono wako."

"Mkono ni wangu!"

Wifi akawa anachezea chumvi. "Mimi nitafuata mtakavyosema," akasema, kwa upole wake ule. Ningeweza kumrushia bakuli.

Tulivutana siku mbili. Mwishowe Baba Bibie akakata shauri: siku ya kuhama, kama nitaweza kukaa na Bibie na chanuo bila vita, atabaki. Nikishindwa, anaondoka. Mume wangu si mkatili. Alikuwa amechoka na kelele, na alikuwa amechoka kunifunga bandeji.

Nikaanza kumpeleleza wifi. Nilichungulia kwenye upenyo wa mlango kama mgambo. Pumzi sikuziamini hata kidogo. Nikajiambia siri ni harufu, kwa kuwa Bibie hunusa kila kitu, hata sabuni mpya. Basi asubuhi moja wifi alipoenda dukani nikavaa sweta yake ya kijani, nikajipaka mafuta yake ya nywele, nikasimama mlangoni nikavuta pumzi tatu za nguvu, nyumba nzima ikasikia. Nikaingia. Bibie akanusa. Akanusa tena. Akachungulia nyuma yangu kutafuta mwenye sweta. Alipoona hayupo akaniuma, na safari hii akaondoka na kipande cha mkono wa sweta. Jioni ikabidi nimweleze wifi panya wa nyumba hii wamekuwa wakubwa.

Ilipobaki Jumamosi ya mwisho ya mafunzo nikabadilishana zamu nikaenda mwenyewe, na Bibie. Walezi tulikuwa kumi na mmoja. Mkufunzi alikuwa binti wa viatu vya raba, umri wa kitinda mimba wangu kama ningekuwa naye. Akatuambia tufumbe macho tufuate pumzi inavyoingia na kutoka. Nilifuata mpaka nikalala. Dereva mmoja, baba wa kijana mnene, akanipiga kiwiko kwa sababu nilikuwa nakoroma.

Kisha akasema kila mmoja akae mbele ya mtu wake dakika kumi, mikono juu ya magoti, viganja wazi, asimfanyie kitu chochote.

"Hata akitoka mate?" nikauliza.

"Hata akitoka mate, mama. Dakika kumi hazimwui mtu."

Ni yeye tu anayesema hivyo. Dakika ya kwanza kola ya Bibie ilikuwa imejikunja. Mkono ukaenda. Bibie akaingiza shingo mabegani. Nikaurudisha. Kidogo, uzi kwenye sikio. Mkono ukaenda, shingo ikaingia. Mara ya tano nikaikalia mikono yote miwili. Ndipo nikaona anachotazama. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatafuta ilikokwenda ile mikono, pembeni mwa kiti, chini, kwa wasiwasi, kama mtu aliyejua kuna nyuki chumbani na sasa hamwoni. Mikono yangu iliyomwogesha na kumlisha. Alikuwa anajihadhari nayo isimfikie.

Binti wa raba akapita akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia sikuona kitu. Nikaenda chooni nikalia.

Siku ya kuhama teksi ilisimama nje saa nne. Sanduku la wifi lilikuwa mlangoni, na kando yake begi dogo la Bibie. Nani alilifunga sikuuliza. Baba Bibie akaweka kigoda sebuleni, akamkalisha Bibie. "Haya, Mama Bibie."

Nilisimama mlangoni nikasikia sakafu ilivyo baridi chini ya nyayo, nikavuta pumzi, safari hii ya kwangu, hakuna aliyeisikia. Nikaingia. Sikuliinua chanuo. Nililiweka mapajani mwa Bibie, nikakaa chini sakafuni mbele yake, viganja wazi juu ya magoti. Dereva akapiga honi. Baba Bibie akatazama saa. Mimi sikusogea, na nilijua mwanangu anaondoka, na hata hivyo sikusogea.

Bibie aliitazama mikono muda mrefu. Halafu akanitazama usoni. Akainuka na chanuo lake, akanizunguka, akasimama nyuma yangu. Mkono wa kushoto ukanikamata kidevu, ukabana. Wa kulia ukazamisha meno ya chanuo kwenye mizizi ya nywele zangu, ukavuta.

"Tulia!" akasema. "Tulia! Gari linakuja!"

Ilikuwa sauti yangu. Mkato ule ule, haraka ile ile, ya kila asubuhi ya Mungu. Sikuwahi kumsikia akisema maneno matatu kwa pamoja. Sebuleni hakuna aliyecheka. Baba Bibie alikuwa anatazama sakafu.

Akavuta tena. Jamani, inauma! Machozi yalinitoka bila ruhusa. Kifundo cha mkono wake kilikuwa karibu na mdomo wangu, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe, meno yakiwa tayari. Nikaufunga. Nikajua vyeti vyangu vilikuwa vya nini.

"Wifi," nikasema, kidevu kimebanwa, "nionyeshe unavyofanya."

Alikuwa ameegemea mlango. Ule upole haukuwepo. "Mimi hajawahi kunichana," akasema. "Hata siku moja." Na uso aliokuwa nao niliufahamu mara moja, maana nilikuwa nimetembea nao mwezi mzima.

Akaliinua begi la Bibie akalirudisha chumbani. Nikamsikia akifungua kabati, akiweka nguo moja moja, kwa kelele zaidi ya inavyohitajika. Akarudi.

"Unaanzia ncha," akaniambia, kwa ukali. "Ncha, si mizizi. Na kidevu usimshike."

"Ndiyo, dada."

Dereva akapiga honi tena. Bibie alikuwa hajamaliza. Nikakaa mpaka alipomaliza.