Wali wa Bibi wa Kiti cha Arobaini na Nne

Darlene Wasyluk alikuwa mhudumu wa ndege kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote kulikuwa na neno moja asilolitamka mbele ya abiria: hakuna. Ukimwomba blanketi la pili na mablanketi yameisha, alikuletea koti lake mwenyewe. Ukitaka juisi ya nyanya na ya mwisho imeshanywewa, alikwenda daraja la mbele kuiomba, na akinyimwa aliichukua wenzake wa huko wakiwa wamegeuka. Alikuwa binti wa wakulima wa ngano kutoka Saskatchewan, na kwao mgeni hakuondoka na njaa. Mama yake alimlisha hata mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Sisi wa jiko la nyuma tulimtania kwamba ndege ikianguka baharini, Darlene atapita kwenye maji akiuliza nani anataka kahawa. Alikuwa na beji ya mhudumu bora, aliyopewa na kampuni mbele ya watu, na aliing'arisha kwa kitambaa kabla ya kila safari.

Mimi naitwa Lyle. Nilifanya naye kazi miaka kumi na mmoja, mara nyingi safari ya Vancouver kwenda Delhi, na siku ninayoisimulia nilikuwepo. Naisimulia kwa sababu nami nina sehemu yangu ndani yake.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, msimu wa harusi huko Punjab, na ndege ilijaa hadi kiti cha mwisho. Tuliruka asubuhi. Katika safari ile chakula cha mboga huisha upesi, ndiyo maana abiria anayetaka cha uhakika huagiza mapema, na trei yake hubandikwa stika yenye namba ya kiti. Hizo za stika hugawiwa kwanza, kabla ya toroli kupita.

Darlene alizigawa zote isipokuwa moja. Mwenye kiti cha arobaini na nne, bibi mmoja wa Kisingasinga aliyesafiri peke yake, alikuwa amelala, shali imemfunika hadi puani. Darlene hakutaka kumwamsha. Akaiweka trei yake juu ya toroli ili ampe baadaye, akaanza kugawa vyakula vya kawaida. Alipofika safu ya thelathini na tisa, kijana mmoja mwenye tabasamu zuri akamwambia kuku hamtaki, anataka cha mboga.

"Uliagiza?" Darlene akamuuliza.

"Nilisahau, dada. Lakini wewe huwezi kuniacha hivi hivi."

Cha mboga cha kawaida kilikuwa kimekwisha. Ilimpasa kusema lile neno, naye hakulisema. Alibandua stika kwa ukucha, akampa kijana ile trei, akijiambia kwamba nyuma kwangu lazima kutakuwa na nyingine.

Haikuwepo. Alipokuja jikoni na kuvuta pazia, bibi alikuwa ameshaamka na ameshafungua meza yake.

"Lyle, una ya mboga?"

"Kuku tu. Mboga imekwenda na maji."

"Yule bibi wa arobaini na nne. Yake nimempa mtu."

"Basi nenda kamwombe radhi. Mpe mkate, matunda, na jibini kama anakula."

"Saa kumi na nne za safari, bibi kizee, kwa mkate na ndizi?" Alikuwa ameshafungua karatasi ya bati ya kuku wa mchuzi. Akachukua koleo.

"Unafanya nini?"

"Naondoa."

"Na mchuzi?"

"Mchuzi ni nyanya na siagi."

"Darlene."

"Nini?"

Nilikuwa na nafasi ya kujibu. "Basi," nikasema, "haya." Akaniomba njegere, nami nikamchotea kutoka trei nyingine. Aliondoa vipande saba. Nilivihesabu vikianguka ndoo ya taka. Akafuta mchuzi pembeni kwa kitambaa cha karatasi, akatandaza njegere juu ya wali, na ukikitazama chakula hungejua.

Sasa niseme jambo ambalo Darlene hajalijua hadi leo. Ndani ya oveni, rafu ya chini, kulikuwa na chakula changu mimi, kile tunachopewa wahudumu: tambi za mchicha na jibini, hazina nyama hata chembe. Nilikuwa sijala tangu alfajiri. Nilikumbuka tambi zile wakati koleo likiwa mkononi mwake, na nikanyamaza kwa sababu nilikuwa na njaa.

Alitoka na trei, nami nikachungulia kwenye upenyo wa pazia. Bibi alikitazama chakula muda mrefu, kisha akainua uso. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza.

"Nyama hapana?" aliuliza.

"Hapana, mama," Darlene akamjibu, akainama na kumshika bega. "Mboga tupu."

Bibi akaunganisha viganja, akafumba macho, midomo ikacheza kidogo, akaanza kula. Alikula polepole na akamaliza. Darlene alipokwenda kuchukua trei, bibi alifungua mfuko wake wa kitambaa, akatoa kopo la plastiki, na ndani ya kopo akatoa donge la kitamu cha nyumbani, unga na samli na sukari guru. Akamtilia mkononi. "Kula," akasema. "Binti, kula."

Darlene alirudi jikoni akitafuna. Alisimama akitazama ukuta wa makabati, akameza kwa shida kama mtu anayemeza dawa.

"Tamu?" nikamuuliza.

"Usiniongeleshe," akasema.

Pengine ingeishia hapo, kama si Navreet. Huyu alikuwa mhudumu kijana wa Kipunjabi, mzaliwa wa Surrey karibu na Vancouver, aliyepangiwa safari hiyo kwa ajili ya lugha. Kiasi cha saa saba baadaye alikuja nyuma kutafuta maji ya moto, akiwa anacheka.

"Mama Darlene, yule bibi yako anakusifu mpaka basi. Bibi Mohinder Kaur. Tumekaa tunapiga soga nusu saa."

"Ananisifu kwa nini?"

"Anasema aliogopa safari hii wiki nzima. Mwanawe alimwambia chakula cha ndege usikiamini, akamfungia chapati, halafu wakazisahau mezani nyumbani huko Abbotsford. Alidhani atafika Delhi na njaa. Hajatia nyama mdomoni miaka arobaini na moja, tangu alipokunywa maji ya kiapo cha dini yake, yeye na marehemu mumewe siku moja. Anasema Mungu amemtumia mtoto wa watu." Navreet akamgonga kiwiko. "Mtoto wa watu ndiye wewe, na umri huo."

Darlene hakucheka. Uso ulimshuka, akakaa kwenye kile kiti cha kukunja tunachokalia wakati wa kutua, mikono katikati ya magoti. Navreet alichukua maji yake akaenda.

"Miaka arobaini na moja, Lyle."

"Hajui, wala hatajua. Mwache afike kwake salama."

"Ameniuliza. Usoni kabisa. Nikamshika bega."

"Ukimwambia utamfaidia nini? Utakuwa unajitua mzigo wako na kumtwisha yeye."

Aliwaza hilo. Bado naamini lilikuwa neno la maana, ila nalijua pia lilikotoka: sikutaka mtu aanze kuuliza nani alichota njegere.

"Ana namna yake," akasema hatimaye. "Watu wa viapo wana namna ya kutengeneza kilichoharibika. Asipojua, hatatengeneza. Atakwenda kaburini akiwa amevunja na hajui."

Akainuka, akanyoosha sketi ya sare, akamwita Navreet. Alimweleza pale jikoni, bila kujipunguzia: kijana wa safu ya thelathini na tisa, koleo, jibu alilompa bibi. Jina langu hakulitaja. Nilisubiri alitaje, hakulitaja, nami sikujitaja.

Navreet alimsikiliza hadi mwisho. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kwa hiyo unataka mimi nikamwambie? Kwa mdomo wangu?"

"Mimi sina lugha."

"Ulipokuwa unamdanganya lugha ulikuwa nayo."

Darlene akavuta pazia lifunge vizuri.

"Bibi yangu ni hivyo hivyo," Navreet akasema. "Jikoni kwake sufuria iliyopika nyama haiingii. Ningekuja wakati ule nikuulize, ungeniambia pia ni mboga tupu?"

"Sijui. Pengine."

"Nami ningemhakikishia yule mama. Angeniamini kwa sababu mimi ni mtoto wao." Alikunja mikono, akatazama sakafu. "Nitamwambia. Si kwa ajili yako. Yeye ana haki ya kujua kilichoingia tumboni mwake."

Walikwenda wote wawili. Darlene alipiga magoti kwenye ujia ili uso wake uwe chini ya uso wa bibi, na Navreet akaongea kwa sauti ya chini, maneno mafupi mafupi. Nilimwona bibi akigeuza macho kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Hakupandisha sauti. Akauliza swali moja, Navreet akalifasiri.

"Anauliza: alipokuuliza, ulikuwa unajua?"

"Ndiyo," Darlene akasema. "Nilijua."

Bibi akavuta shali, akaziba mdomo. Abiria wa jirani walikuwa wameshaacha kutazama filamu zao. Kisha akainuka, akakataa mkono wa Darlene, akakubali wa Navreet, akaingia msalani. Alikaa humo muda mrefu. Tuliokuwa jikoni tulisikia maji yakifunguliwa na kufungwa, yakifunguliwa na kufungwa, na sauti yake akisukutua. Kuna watu walianza kupanga foleni. Darlene aliwaelekeza msala wa upande wa pili, mmoja mmoja, bila kueleza.

Chakula cha pili, kile cha kabla ya kutua, bibi hakukigusa. Kilikuwa cha mboga, chenye stika yake, Navreet alimpelekea mwenyewe kikiwa kimefungwa. Alitikisa kichwa tu. Hata maji aliyakataa.

Delhi tulisimama mlangoni, kama kawaida, tukiaga. Darlene hakujificha nyuma ingawa nilimwambia abaki. Bibi Mohinder Kaur alipofika hakumtazama. Alimwambia Navreet maneno kadhaa kwa Kipunjabi, akashuka, na mtu wa viti vya magurudumu akampokea.

Ndani ya basi la kutupeleka hotelini Darlene aliuliza, "Alisema nini?"

Navreet alikuwa anatazama dirishani. "Alisema, mwambie nitakwenda hekaluni mbele ya wale watano wanaopokea viapo, niungame, nipokewe upya. Hilo linawezekana. Akasema, lakini kula kwa mkono wa mtu nisiyemjua, hilo nimeliacha leo."



Tuliporudi Vancouver Darlene aliandika taarifa ya yote dhidi yake mwenyewe, kurasa mbili kwa mkono. Ofisini walishangaa; hakuna abiria aliyelalamika. Mkubwa mmoja alimwambia kwa upole kwamba mambo mengine huachwa yapite. Alikataa yapite. Walimsimamisha wiki tatu bila mshahara na kumpa barua ya onyo, wakamtumia mwanawe bibi barua ya kuomba radhi pamoja na tikiti mbili za bure. Mwanawe alizirudisha tikiti. Aliandika mistari minne: mama yake amepokewa upya, yuko salama, atarudi kwa ndege ya kampuni nyingine, na familia haihitaji kitu chochote zaidi.

Darlene aliomba, kupitia ofisi, aende Abbotsford akamwone bibi atakaporudi. Jibu lilikuja kwamba mama hapendi wageni. Jumapili moja ya mwezi wa nne aliendesha gari hadi kwenye hekalu la Masingasinga huko Surrey, akidhani labda ataweza kukaa nyuma tu, au kuosha vyombo, kwani alisikia pale mtu yeyote hukaribishwa kuosha. Mlinzi wa maegesho alimwonyesha nafasi, akamwambia chakula ni saa sita, karibu sana. Aliniambia kwamba ni ile "karibu sana" iliyomshinda. Alikaa garini dakika arobaini, mikono kwenye usukani, akawasha gari akarudi nyumbani.

Akaomba kuhamishwa. Wakampa ndege ndogo za kaskazini, Prince George na Whitehorse, saa mbili angani, kahawa na biskuti kwenye pakiti. Miaka mitatu akagawa biskuti, kisha akastaafu. Sherehe ya kumuaga ilipangwa, lakini siku yenyewe alipiga simu kusema anaumwa. Keki tuliila wenyewe.

Mwaka jana nilimtembelea nyumbani kwake Steveston. Amekonda. Alinipikia, akaniketisha, akaniuliza habari za kazini, nani yupo, nani ameondoka. Nilikuwa nimekwenda na nia ya kumwambia ya oveni na tambi zangu. Nilianza sentensi mara mbili. Mara zote mbili alidhani nataka chai zaidi, akamimina.

"Navreet je?" akauliza.

"Sasa ni mkuu wa wahudumu, safari hiyo hiyo ya Delhi. Kila trei ya stika anaihakiki mwenyewe kabla ya kuruka. Wahudumu wapya wanamwogopa."

"Hunitaji kwake?"

"Nilikutaja. Nilimwambia nakuja kwako."

"Akasema?"

Nilitafuta jibu laini, sikulipata. "Hakusema kitu. Aliendelea kuhesabu trei."

Darlene aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei akaiona ni halali. "Ana haki," akasema. Kisha akakusanya sahani, yangu na yake, akaenda kuziosha, na alipokuwa pale kwenye sinki amenipa mgongo niliaga, nikavaa viatu, nikatoka.