Ermelinda Atandika Mkeka Barabarani

Ermelinda wa kijiji chetu cha Raimea, Timor Mashariki, si mtu wa kubembelezana. Baada ya vita vya mwaka wa tisini na tisa, tuliporudi tukakuta majivu matupu, alituambia anayetaka kulia alie huku analima.

Wanamgambo walikuwa wamemuua mumewe. Nyumba yake iliwashwa moto na Abílio, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye baadaye alitokomea ng'ambo ya mpaka. Kwa hiyo tulipigwa na butwaa alipotangaza kwenye chama chetu cha akina mama kwamba anakwenda kwenye kambi ya wakimbizi huko ng'ambo kumrudisha Olandina, mke wa Abílio, pamoja na watoto. Wengine tulimwuliza kama ana homa. Akasema watoto hawakumchomea nyumba, akaondoka.

Akarudi nao kwenye lori la misaada. Kijijini palikuwa hapaingiliki: Lamberto, mkubwa wa kijiji na kaka wa marehemu mume wa Ermelinda, amesimama barabarani na wanaume wenye mapanga. Lori ligeuze, akasema.

Ermelinda akashuka na mkeka. Akautandika katikati ya barabara, juu yake akaweka sahani ya tambuu na popoo, za kutafunwa na wanaopatana. Mkeka wa suluhu kwetu ukishatandikwa hauvukwi, wala haukunjwi mpaka pande zote mbili zimekaa na kusema. Ila kuutandika ni kazi ya wazee wa kiume.

"Shemeji, tangu lini mwanamke akatandika mkeka huu?"

"Tangu mlipokimbilia milimani mkatuachia maiti tuzike. Hutaki, ukunje."

Kuukunja hakuweza bila kukaa kwanza, na wenzake na mapanga yao hawakuthubutu kuuvuka. Walibaki wakitazamana kama kuku walionyeshewa. Lamberto akakaa, shingo upande.

Olandina alikaa mbele yake, macho chini. "Nilimwona akichukua mafuta ya taa," alisema. "Nilijua anakwenda kwa nani. Nikanyamaza."

Lamberto akamgeukia shemeji yake, akamwuliza kama amesikia.

"Nimesikia. Nilimfuata aje aseme hapa, si kule."

Lamberto akachukua popoo, akatafuna, akamsogezea Olandina sahani. Wanaume wakaweka mapanga chini, wakaanza kushusha mizigo.

Ermelinda hakumkumbatia mtu. Alikunja mkeka, akamwambia Olandina, "Kesho asubuhi tunakata nyasi za kuezekea. Tunaanza na paa langu."