Mlango wa Vitantonio

Addolorata Lorusso amekaa katika uchochoro wetu wa Bari ya Kale, mtaa mkongwe wa bandarini, tangu aolewe. Nyumba yake ni chumba kimoja: ukivuka kizingiti umeingia jikoni, ukisogea kidogo umefika kitandani. Asubuhi hukaa nje na meza yake, akifinyanga tambi ndogo zenye umbo la sikio, na wageni wanaoshuka melini humpiga picha bila hata salamu.

"Mkampige picha mama yenu!" huwafokea. Wao hucheka, wakidhani wamekaribishwa.

Juni iliyopita mumewe, Vitantonio, alifariki. Kwetu maiti hulala nyumbani kwake hadi siku ya maziko, na mlango huachwa wazi ili kila aliyemjua aingie bila kubisha. Kuufunga ni kusema marehemu hakuwa na watu.

"Ufunge tu, dada," alisihi jirani yake, Carmela. "Bandari imejaa meli leo."

"Nimfungie Vitantonio mlango? Kakosa nini?"

Tulikuwa katikati ya sala ya rozari mgeni mmoja mwenye kaptura alipoingia na mkewe. Alitazama mishumaa, akamtazama marehemu, akatabasamu. Kisha akadondosha sarafu katika bakuli la maji ya baraka na kuinua kamera.

Addolorata aliipiga kofi ile kamera, ikaanguka. Nyuma ya mgeni, kizingitini, alisimama Sabino na mwavuli wake wa njano, kundi zima likimfuata. Sabino hutembeza wageni mjini. Marehemu alikuwa kaka mkubwa wa baba yake.

"Mama mkubwa, nisamehe. Niliwaambia wachungulie tu."

"Wachungulie? Baba yako mkubwa ni samaki wa dukani?"

"Ni kazi, mama mkubwa. Msimu ndio huu."

"Na yeye msimu wake ndio huu. Hana mwingine. Toka!"

Alimsukuma hadi nje pamoja na wageni wake, akaikokota meza yake mpaka katikati ya uchochoro. Carmela akaleta ya kwake. Wanawake wengine wakafuata, na muda si mrefu njia ilizibwa kwa meza pande zote mbili, mlango ukabaki wazi. Waliomjua Vitantonio walivushwa juu ya meza kwa kushikwa mikono, hata bibi mmoja mnene aliyetukana njia nzima.

"Hii ni njia ya watu wote!" Sabino alipiga kelele kutoka upande wa pili.

"Basi waonyeshe nyingine!" akajibu Carmela. "Si ndiyo kazi yako?"

Mgeni wa kaptura alidai alipwe kamera yake. Mwishowe kundi zima likaondoka, mwavuli mbele.

Wakati wa kutoa jeneza tuliondoa meza. Sabino alikuwa amerudi peke yake, amevaa koti jeusi, akaja kushika upande wa mbele, mahali pa mtoto wa ndugu. Addolorata aliuondoa mkono wa Sabino kwenye mbao za jeneza.

"Wewe chungulia," alimwambia, akamwita muuza samaki ashike badala yake.