Ijumaa Mashine ya Kusaga Iliponyamaza

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, mama mdogo Hildegarda aliweka kiganja juu ya mashine yake ya kuchomelea, kama mtu anayempima mtoto homa. Halafu ndiyo anakwenda kuwasha moto wa chai.

Mashine yenyewe aliinunua kijijini Malolo, kwa fundi aliyeacha kazi. Kule Mikumi, kwenye gereji ya maroli, fundi Danieli alimwambia nafasi ipo kwa atakayekuja na mashine yake, iliyo nzima. Basi akaileta kwanza nyumbani kwetu Magomeni, aijaribu.

Ikagoma. Inaunguruma tu, na kijiti cha kuchomelea kikigusa chuma kinanata palepale. Aliifungua, akafuta vumbi, akatoa kiota cha nyigu, akakaza nati. Akakwangua rangi pale kibano kinapobana chuma. Waya mrefu wa umeme aliokuwa anauacha umeviringwa akaukunjua wote uani, ukapita katikati ya kuku. Bado.

Kaka yake, mjomba Bonifas, akasema Jumamosi mnunuzi wa chuma chakavu akipita, aibebe.

"Umenunua redio, Hilda. Kuimba inajua, kuchomelea ndiyo haijui."

Nyuma ya ua wetu mzee Hussein ana mashine ya kusaga ya umeme. Inasaga tangu asubuhi, hata ukisinzia mchana inaingia ndotoni. Unga unaelea, majani ya mpapai ni meupe, na sisi tulishazoea, hatuisikii tena. Mchana inazimwa Ijumaa tu, mzee akienda msikitini.

Ijumaa ile ikanyamaza. Taa ya barazani, iliyosahauliwa ikiwaka, ilikuwa ya njano, ikawa nyeupe. Mama mdogo akaitazama muda mrefu, mdomo wazi kidogo. Akachukua kijiti, akavaa miwani yake myeusi, akagusa chuma.

Mimi niligeukia ukuta. Ukuta wote ulikuwa wa bluu, na vivuli vya kuku vilitembea juu yake vikubwa kama ng'ombe, polepole, bila sauti. Nilipogeuka, vyuma viwili vilikuwa kimoja.

Watu wakarudi kutoka msikitini, kusaga kukaanza, taa ikawa ya njano. Kijiti kikanata.

"Siyo mgonjwa," mama mdogo alisema, kama anaongea na taa. "Ananyimwa umeme tu."

Alikwenda kumwamkia mzee Hussein, akamwomba awe anazima mashine yake japo saa moja kila siku. Mzee aliitikia marahaba vizuri, ila akasema mahindi ya watu hayawezi kungoja. Mjomba akacheka sana.

"Basi uwe fundi wa Ijumaa."

"Nataka kuwa fundi wa siku zote, kaka."

Jumamosi mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa hajafika. Mama mdogo akaipakia mashine kwenye toroli, akaifunika khanga, akasukuma kuelekea stendi ya magari ya kwenda Mikumi. Gurudumu lililia mpaka kwenye kona. Kisha nikasikia kusaga tu. Chai yake tuliifunika mpaka jioni, tukaimwaga.