Jembe Hupewa Mkononi

Nakumbuka siku moja ya Julai, mwanangu, nikiwa askari wa mlangoni katika jengo moja refu kule Dubai Marina. Msichana wa Tanga mimi, sare imenyooka, na Kiingereza nilikuwa nakijua. Hasa kile cha kufukuzia watu, maana ndicho tulichofundishwa kwanza. *Get lost*, yaani potelea mbali. *Beat it*, toweka. *Take a hike*, kapande mlima. We, Marina mlima uko wapi? Wenzangu walikipenda, wakitupiana kambini tulikolala na kuangua kicheko.

Adhuhuri hiyo akaingia fundi rangi, jasho linamtiririka, akaketi sakafuni penye ubaridi. Alikuwa anatetemeka, maskini. Msimamizi wetu, Mkenya tuliyemwita sir, akanijia mbio.

"Wapangaji wanaona! Mwambie *get lost*, yalla, haraka!"

"Atatoka, sir. Nitamsindikiza."

"Umsindikize, kwani ni mjomba wako? Si nyinyi mnaosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe?"

"Tunasema, sir. Lakini jembe hupewa mkononi, halirushwi usoni."

Lo! Nilijua naweza kupandishwa ndege nirudi Tanga mikono mitupu, na wadogo zangu wananitegemea mimi. Hata hivyo nikainama, nikamwambia yule fundi, "Twende, kaka, nje kuna kivuli na maji." Akainuka, akanishika bega, tukatoka pamoja. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, sembuse binadamu aliyechoka.

Sir hakunifukuza. Alinihamishia lango la magari, juani, mpaka joto la mwaka ule likaisha. Nilisimama pale kichwa juu, na hadi leo najisifu. Nisijisifu kwa nini?

Basi shika, mwanangu. Iko siku utapewa mlango uulinde, na itabidi umwambie mtu aondoke. Mwambie, kazi ni kazi, ila heshima yake aondoke nayo. Maneno ya kufukuzia yajue, ili ukiambiwa wewe uyatambue, lakini usiyaweke kinywani mwako. Na mkubwa akikulazimisha, mkatalie kwa adabu, kisha adhabu yake uipokee bila kulialia.

Mungu akujaalie mlango wako mwenyewe, na kila atakayetoka humo atoke akikuombea kheri.