Mto Ndio Mpaka

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku ambayo mjomba wangu Athumani alinitoa nje ya stesheneri yake pale Mikumi. Naikumbuka mpaka rangi ya shati alilovaa, la bluu lililopauka mabegani. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na ushei, nimetoka kwetu Chanzuru kuja kumsaidia kuchapa barua za watu na kutoa fotokopi. Mjomba alikuwa amestaafu kazi ya reli kule Munisagara, akaja kufungua biashara yake kando ya barabara kuu. Alikuwa na kompyuta moja tu, nzee, inayounguruma kama inataka kupaa. Na ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na gemu.

Usicheke. Najua ninyi mnadhani sisi wazazi wenu hatukuwahi kucheza. Tulicheza, na tulicheza sana.

Gemu yenyewe ilikuwa ya zamu. Hakuna kukimbizana wala kubonyeza haraka haraka mpaka vidole viume. Unaanza na kundi moja la wahamiaji na askari mmoja, ramani yote ni giza, na wewe ndiye mkuu wa taifa ambalo bado halijazaliwa. Unachagua pa kuweka mji wa kwanza. Mji ukikua unatoa wahamiaji wengine, unaweka wa pili, unaweka wa tatu. Ukimaliza mambo yako unampisha mwenzako akae kwenye kiti. Baada ya muda unakutana na majirani, na hapo ndipo gemu inapoanza kweli.

Mimi nilikuwa na miguu myepesi. Wakati mjomba bado anatafakari mji wake wa pili ukae wapi, mimi nilikuwa nimeshaweka wa nne. Mchana ule wateja walikuwa wamepungua, tukawa tunacheza sisi wawili. Nikaona bonde zuri la ngano karibu kabisa na mji wake mkuu. Nikapeleka wahamiaji, nikaweka mji pale pale, puani kwake. Mjumbe wake alikuwa amenijia na salamu, nami nilikuwa nimembonyezea aende zake bila kumjibu.

Mjomba aliiangalia ramani kwa muda. Kisha akavua miwani, akanigeukia.

"Toka nje," akasema. "Halafu uingie tena."

Nilidhani anatania, lakini uso wake haukuwa na utani. Nikatoka, nikasimama juani, watu wanapita wananiangalia. Nikapiga hodi. Akanikaribisha. Nikaingia, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanionyesha kiti.

"Sasa umeingia kwa mtu," akasema. "Kule kwenye ramani uliingia kwa nani?"

Akaniambia, kwa sauti ile ile ya taratibu, kwamba wepesi wangu ni kipaji na hataki niupoteze. Ila mtu mwepesi asiyeuliza hufika mahali akakuta kila aliyempita njiani amekuwa adui yake. Kisha akavaa miwani, akasema ni zamu yake, na bonde lile akanipokonya kabla ya alasiri.

Ningeweza kuishia hapo, mwanangu, maana karipio lile peke yake linatosha. Lakini ninataka ujue lilizaa nini.

Mwaka ule ule yakatangazwa mashindano ya gemu hiyo pale Morogoro mjini. Walioyaandaa walitaka kuwavuta vijana wa mkoa kwenye kompyuta, na zawadi yenyewe ilikuwa kompyuta mpya kwa kituo cha kompyuta kitakachoshinda, hata stesheneri kama yetu. Kituo kimoja kingeleta mchezaji mmoja. Mjomba alitazama ile mashine yake iliyokuwa imeanza kuzimika yenyewe katikati ya kazi za watu, akaniambia nitafute nauli mimi, chakula atanunua yeye.

Tukakutana wachezaji wanne. Mimi wa Mikumi. Yohana wa Kilosa, kijana mpole wa milimani, amesomeshwa na wamisionari, anapima kila neno kabla hajalitoa. Husna wa Ifakara, binti mdogo wa umbo ambaye tangu asubuhi sikumsikia akizungumza zaidi ya salamu. Na Fredi, mwenyeji wa Morogoro, shati limenyooka, viatu vinang'aa, amezungukwa na marafiki wanaomshangilia kabla hata hajakaa.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kompyuta moja iliwekwa ndani ya ukumbi, na sisi wanne tukacheza kwenye ramani moja. Zamu yako ikifika unaingia, unacheza, watazamaji wakiona kwenye ukuta kila unachofanya, lakini wenzako watatu wanakaa nje barazani wasione. Jioni wangehesabu pointi. Ruhusa ya kuongea na watazamaji hatukuwa nayo. Kuongea sisi kwa sisi pale barazani, hiyo ruhusa ilikuwepo, na waandaaji walisema wazi kwamba ndiyo sehemu ya mchezo.

Nilianza kama nilivyozoea, haraka. Mji wa kwanza nikauweka kando ya mto. Mji ulipokua kidogo tu, nikatoa wahamiaji. Sikuwapeleka nyuma yangu, ingawa kulikuwa na ardhi nzuri na salama, kwa sababu ile haikuwa na mtu wa kuigombania, ingenisubiri. Niliwapeleka mbele, kwenye nchi ya katikati ambayo kila mmoja angeitaka. Na huko mbele, ng'ambo ya mto, nikaiona mipaka ya Yohana. Kulikuwa na kivuko, na karibu na kivuko kulikuwa na farasi. Atakayekishika kivuko kile angeishika nusu ya nchi.

Wahamiaji wangu walikuwa hatua moja tu kutoka hapo. Ningeweza kuweka mji zamu ile ile, na Yohana angekuja kuuona umeshasimama. Nikauzuia mkono. Nikamaliza zamu, nikatoka barazani, nikakaa karibu naye.

Nikamwambia, "Kaka Yohana, nataka kuweka mji pale kwenye kivuko, upande wangu. Wewe nchi yako unaiona inaishia wapi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu. Akafikiri. Akasema vilima vyote vya ng'ambo anavihitaji, lakini upande huu wa mto hana haja nao, ila angeomba watu wake waruhusiwe kupita. Nikamkubalia. Tukapeana mkono, mto ukawa ndio mpaka. Nilipoteza zamu moja kwa mazungumzo hayo.

Fredi alikuwa anasikiliza. Akacheka, akasema, "Sista, hapa tumekuja kucheza, hatukuja kuposana." Marafiki zake waliokuwa dirishani wakaangua kicheko.

Na Fredi alikuwa hodari, nisimnyime haki yake. Alikuwa ameishika karibu pwani yote, ukiacha kipande cha Husna. Mtu wa Morogoro, wanayoiita Mji Kasoro Bahari, amejipatia bahari nzima, watazamaji walikuwa wanaufurahia sana utani huo. Miji yake ilikuwa mingi kuliko ya mtu yeyote. Lakini mingi haikuwa na mlinzi hata mmoja, kwa sababu kila askari aliyempata alimpeleka mbele kutafuta pa kuchukua.

Baada ya chakula cha mchana akanijia, safari hii bila kicheko. Yohana alikuwa ndani, zamu yake. Fredi akainama, akaniambia ameuona mji mkuu wa Kilosa, una askari mmoja tu. Mimi nina wapanda farasi kwenye kivuko. Nivuke mto, yeye aje kutoka baharini, tumgawane Yohana nusu kwa nusu, halafu mbele ya safari tushindane sisi wawili.

Nitakuambia ukweli, mwanangu: hesabu yake ilikuwa sahihi. Yohana alikuwa ameuacha upande wa mto wazi kwa sababu aliniamini mimi. Nikiingia, ndani ya zamu chache mji mkuu ningekuwa nao. Nisipoingia, Fredi angeweza kunigeukia mimi, na jeshi lake lilikuwa kubwa kuliko langu. Nikaiona kichwani kompyuta ya mjomba inavyozimika. Nikawaona wateja wanaoondoka na barua zao hazijaisha. Mjomba mwenyewe alikuwa ndani ya ukumbi, sikuweza kumuuliza. Pengine ilikuwa heri, maana jambo kama lile unalimaliza mwenyewe.

Nikamjibu kwamba nilishamwambia Yohana kuwa mto ndio mpaka.

"Hii ni gemu tu, sista."

"Ni gemu," nikasema, "lakini mkono niliompa ni wangu."

Akanyanyua mabega, akaniambia nisije nikalia baadaye. Yohana alipotoka, nikamwambia neno moja tu, aweke walinzi upande wa bahari. Hakuuliza kwa nini. Alimtazama Fredi, akanitazama mimi, akaitikia kwa kichwa.

Zamu iliyofuata ya Fredi ilikuwa ndefu, na kelele za ndani ya ukumbi zikanieleza yaliyotokea kabla sijaingia. Alikuwa amenivamia mimi. Nilipokaa kwenye kiti nikakuta mji wangu wa pili umechukuliwa, na jeshi lake limesimama mbele ya kivuko. Nikapanga walinzi niliokuwa nao, wachache. Nikatoka nje. Nilijua kivuko kikianguka, nimekwisha.

Yohana akaingia, akakaa ndani muda mrefu. Aliporudi, akaketi pale pale alipokuwa ameketi asubuhi, akatazama Milima ya Uluguru kama mtu asiye na habari. Fredi akaingia, akatoka haraka, uso umebadilika. Sikuelewa. Husna akaingia, akatoka. Nikaingia mimi.

Mwanangu, kwenye kivuko changu walikuwa wamesimama wapiga mishale wa Yohana. Wote aliokuwa nao. Walikuwa wamepita kwa ile ruhusa tuliyopeana, wakajipanga pamoja na walinzi wangu, na jeshi la Fredi lilikuwa limevunjikia pale. Wala hatukuwa na mkataba wa kusaidiana vita. Hakuwa amelazimika kufanya hivyo.

Na yule binti mkimya wa Ifakara alikuwa ameona kila kitu. Alipoona jeshi la Fredi limenaswa kwenye mto, akapeleka meli zake pwani na kuingia kwenye ile miji isiyokuwa na walinzi, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayechuma mchicha bustanini. Fredi alianza siku akiwa na miji mingi kuliko sote, akaimaliza akiwa na miji ya kuhesabika kwa vidole.

Pointi ziliposomwa, Mikumi ilikuwa ya kwanza. Ifakara ilikuwa nyuma yetu kidogo sana, kiasi kwamba zamu mbili zaidi Husna angetupita, na mpaka leo ninasema hadharani kwamba yule alikuwa mchezaji bora kuliko mimi. Kilosa ikawa ya tatu.

Nilimfuata Yohana, nikamwambia kwamba kama angebaki na wapiga mishale wake, huenda yeye ndiye angekuwa mbele. Akasema anajua. Kisha akaongeza maneno ambayo nimeyabeba maisha yangu yote. "Kwetu mlimani shamba likimegwa, sisi tunasikia baadaye. Wewe uliniuliza kabla."

Basi tukarudi Mikumi na maboksi ya kompyuta mpya juu ya basi, mjomba kila kituo anachungulia kama kamba zimekaza. Yeye hakuwa mtu wa kusifu. Tangu nimfahamu sikuwahi kumsikia akimsifu mtu mbele ya uso wake. Lakini kesho yake stesheneri ilipojaa watu waliokuja kutazama, mteja mmoja akauliza ni nani aliyezileta mashine zile. Mjomba akasimama, akanyoosha mkono kunionyesha, akasema, "Huyu hapa. Mpwa wangu." Nilikwenda uani nikajifanya ninateka maji, ili watu wasinione uso.

Na Fredi? Mwezi haukupita akashuka kwenye basi pale Mikumi, akampa mjomba shikamoo kwa adabu, akaomba kucheza na sisi. Alikuja mara nyingi baada ya hapo. Akajifunza kuacha walinzi nyumbani, nami nikajifunza kwake mambo ya bahari ambayo sikuyajua. Ni rafiki yangu mpaka sasa, na Yohana vilevile, ambaye siku hizi ni bwana shamba na bado anapima maneno.

Sasa nisikilize, wewe kijana unayeanza. Usiogope kwenda mbele. Wapo watakaokuambia tulia, subiri, bado mdogo, na wakati unasubiri, nchi ya katikati inachukuliwa na wengine. Nenda mapema, na uanze na kile ambacho hakitakusubiri. Lakini uendako wapo watu. Waamkie. Waulize nchi yao inaishia wapi kabla hujachomeka nguzo yako, hata kama una nguvu ya kutouliza, na hasa ukiwa na nguvu hiyo. Usijitanue kuliko unavyoweza kulinda. Na ukishampa mtu mkono, uushike mkono huo siku ambayo kuuacha kungekuletea faida, kwa kuwa siku nyingine zote ni rahisi, hazimpimi mtu.

Mimi ninajivunia ushindi ule, sifichi. Ila ninachojivunia zaidi ni kwamba nilishinda na bado nikaweza kumtazama Yohana machoni.

Mwenyezi Mungu akupe miguu myepesi na ulimi wenye adabu, mwanangu. Akujalie majirani wa kuheshimiana nao, akupanulie nchi yako bila machozi ya mtu ndani yake, na siku utakapovamiwa akuletee mtu wa kusimama nawe ambaye hukumwita. Amina.