Mtoto wa Kwenye Video

Mwaka 1995 Bonifasia, mkulima wa kijiji cha Mbuba, alikuwa akimlea mjukuu wake Edista, aliyekonda hadi mbavu zikahesabika. Siku moja wanakijiji waliitwa kwenye ukumbi wa parokia kuonyeshwa video ya lishe. Akatokea mtoto mnene anacheka, na sauti ikasema, "Miezi mitatu iliyopita huyu alikuwa mifupa mitupu. Unga wa lishe umemwokoa."

Kesho yake Bonifasia alibeba mkungu wa ndizi hadi kambi ya wakimbizi ya jirani, ulikogawiwa unga wa lishe, akabadilishana na mama mmoja kwa mfuko wa unga huo. Lakini sura ya yule mtoto ilimsumbua. Njiani akirudi akapitia kwa jirani yake.

"Priscila, yule wa kwenye video si Frednand wako?"

"Ndiye. Walimpiga picha hapahapa uani."

"Kwani unampa unga gani?"

"Unga? Huyu tangu aache kunyonya anakula ndizi na maharage tu. Hajawahi kukonda."

Bonifasia akamfuata bwana lishe, kijana aliyeleta video.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mtoto wenu wa kwenye video hajaonja huo unga?"

Kijana akainamisha macho. "Yule ni mfano tu, mama. Maneno ni ya kweli."

Bonifasia alirudi nyumbani akijiuliza. Mtu huanzaje kusema kweli kwa kutumia mtoto wa uongo? Akapika uji wa ule unga, akapika na ndizi kwa maharage. Edista alikula vyote, na kufikia mavuno mashavu yalikuwa yamejaa. Majirani walipouliza dawa, Bonifasia aliwajibu kwamba hata yeye hajui.